Gusiberi: usichume, okota

Salaam ndugu zangu wanakikundi. Somo hili mmenidai tangu siku ile nilipoleta chupa tatu za jamu kwenye mkutano, zikaisha hata chai haijamiminwa. Leo nalipa deni.

Kwanza tuelewane tunda lenyewe. Gusiberi ninayoisema ni kale katunda ka rangi ya chungwa, kakubwa kidogo kuliko gololi, kalikojificha ndani ya kifuko chepesi kama karatasi. Waganda ng'ambo ya Ziwa Victoria wanaiita ntuntunu. Kitaalamu ni Physalis peruviana. Kwao ni milima ya Andes, Peru na Kolombia, na hadi leo Kolombia ndiyo inayolima nyingi kuliko nchi nyingine. Ile gusiberi ya Uingereza ni mmea mwingine kabisa: kichaka chenye miiba, kinachotaka miezi ya baridi kali ndipo kichanue. Hapa kwetu, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari na mchana wa nyuzi 28, hakitazaa. Ukiona mbegu zake zinauzwa mtandaoni, hela yako iache mfukoni.

Ya kwetu ni ndugu wa nyanya, nyanya chungu, pilipili, viazi mviringo na tumbaku. Shikeni sana undugu huo, tutaurudia.

Hatua ya 1: Mbegu

Huna haja ya kununua paketi. Pata matunda kumi yaliyoiva barabara. Yaponde kwenye glasi ya maji, yaache siku mbili mpaka ule utelezi uachie, kisha suuza kwenye chujio la chai na uanike mbegu kivulini juu ya kitambaa. Tunda moja lina mbegu zaidi ya mia, kwa hiyo matunda kumi yanatosha wewe na majirani.

Hatua ya 2: Kitalu

Mimi nasia Januari. Mbegu ni ndogo, usizifukie. Nyunyizia udongo laini juu yake kama unavyonyunyizia chumvi, funika kwa nyasi kavu, mwagilia asubuhi na jioni. Zinachipua baada ya wiki mbili, nyingine zinachelewa hadi ya tatu. Zikichipua tu, nyanyua zile nyasi uziweke juu ya kichanja, la sivyo miche itarefuka na kulegea.

Kwa nini Januari? Kwa sababu miche inahamia shambani mwanzoni mwa Machi, inakula mvua za masika, halafu matunda yanaivia kwenye kiangazi cha Juni hadi Agosti. Mvua ikilikuta tunda limeiva, linapasuka na kifuko kinaota ukungu. Wanaopanda kwa vuli wanavuna pia, ila wanatupa mengi.

Hatua ya 3: Shambani

Mche ukifika urefu wa kiganja, hamisha. Acha mita moja kati ya mche na mche. Najua mita moja inaonekana ni kupoteza ardhi, lakini huu mmea unatanuka kama mwenye nyumba. Udongo wetu wa luseni, ule wa kichanga chini ya mawe, unaufaa sana kwa sababu maji hayatuami. Shimo moja, konzi mbili za samadi iliyooza. Basi. Ukizidisha mbolea utapata majani ya kujivunia na matunda ya kuhesabu kwa vidole.

Na usipande palipotoka nyanya msimu uliopita. Mnyauko, minyoo fundo na yule mdudu kantangaze havijui tofauti ya nyanya na ndugu yake.

Mmea ukifika magotini, chomeka vijiti viwili na uufunge kwa kamba ya katani. Matawi yake ni mepesi kuvunjika, na upepo wa ziwa wa mchana mnaujua. Tandaza nyasi chini ya kila shina. Zinatunza unyevu, tena utakuja kuona faida yake nyingine wakati wa kuvuna.

Hatua ya 4: Kuokota

Hapa ndipo naomba msome taratibu.

Msimu wangu wa kwanza, pale Igombe, nilikuwa na haraka ya soko. Nilichuma ndoo nzima vifuko vikiwa bado vya kijani. Jirani yangu akanunua sado moja kwa ajili ya wajukuu. Usiku akaja kunigongea: mtoto mmoja anatapika, tumbo linamsokota. Asubuhi alikuwa mzima, lakini mimi sikulala, na mpaka leo nikikumbuka ule mlango unavyogongwa moyo unaniuma. Tunda bichi la gusiberi lina sumu ya aina ile inayokaa kwenye kiazi kilichogeuka kijani. Kifuko nacho si cha kula, wala majani, wala shina.

Tangu siku hiyo sichumi. Naokota. Tunda likikomaa linaanguka lenyewe na kifuko chake, na zile nyasi ulizotandaza zinalipokea lisichafuke. Kila baada ya siku mbili napita na ndoo. Ukiokota, kifuko kiwe kimekauka, rangi ya majani makavu, kikitikiswa kinalia chakacha. Fungua kimoja. Ndani, ngozi ya tunda inanata kidogo kidoleni, kama umeshika mkono wa mtoto aliyekula asali. Huo unato ni wake wa asili, unaondoka ukiosha kwa maji ya uvuguvugu. Rangi iwe ya chungwa mpaka pale kwenye kikonyo. Ukiona kijani kumezunguka kikonyo, lirudishe kwenye kifuko ulisubirie.

Hatua ya 5: Kuonja

Okota matano leo, yaonje mawili. Matatu yaache mezani, ndani ya vifuko vyake, siku tano. Kisha onja tena. La leo litakukaza taya, ukali wa ndimu unatangulia na utamu unafuata nyuma. La siku ya tano linanukia nanasi ukilikaribisha tu puani, na mbegu zinatafunika kama za pera, ila laini zaidi. Kwa kula hivi hivi, nataka la siku ya tano. Kwa mboga, la leo.

Hatua ya 6: Jikoni

Jamu kwanza. Kilo moja ya matunda yaliyomenywa na kuoshwa, sukari robo tatu kilo, juisi ya ndimu moja, maji nusu kikombe. Weka matunda na maji kwenye sufuria, moto wa wastani. Baada ya dakika chache utayasikia yanapasuka moja moja. Ponda nusu kwa mwiko, nusu yaache mazima. Tia sukari na ndimu, koroga bila kuondoka. Kuanzia dakika ya 30, weka kisahani kwenye maji baridi, kifute, dondoshea tone la jamu, usubiri kidogo, kisha lisukume kwa kidole. Likijikunja kama ngozi ya maziwa, epua. Likikimbia, bado. Gusiberi inaganda yenyewe, huhitaji unga wowote wa kugandisha. Chupa zichemshwe dakika 10 na zijazwe zikiwa za moto. Mimi napaka kwenye viazi vitamu vya kuchemsha na siutafuti mkate.

Ila pishi ninalolipenda kuliko jamu ni dagaa. Chukua dagaa wetu wakavu, waondoe mchanga, waoshe kwa maji ya moto mara mbili. Kaanga kitunguu mpaka kiwe cha dhahabu, tia kitunguu saumu na tangawizi, kisha mahali pa nyanya weka konzi mbili za gusiberi za leo leo zilizokatwa nusu. Zikilegea, tia dagaa, chumvi, pilipili, maji kidogo. Ndimu usitie, ukali upo tayari. Ile harufu ya dagaa inayowafukuza wageni inatulia. Kula na ugali wa udaga, ule wa muhogo.

Kwa sato wa kukaanga, tengeneza kachumbari: gusiberi, kitunguu, pilipili, chumvi. Hakuna zaidi.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Sengerema: Shikamoo mama. Majani yake yanafanana na mnafu. Naweza kuyapika mboga?*

Marahaba mwanangu. Hapana. Mnafu una desturi yake ya kupikwa, huu hauna. Na ule mmea wa porini wenye vifuko vidogo vya kijani unaoota kwenye mahindi, huo ni jamaa yake mwingine; usiwaambie watoto ni gusiberi.

*Mwanachama wa Ukerewe: Yangu imefika kifuani, kijani kibichi, maua yapo machache, matunda hakuna. Nimeweka urea mara mbili.*

Umejibu mwenyewe dada. Acha urea kabisa, kata ncha za matawi, punguza maji kidogo, ngoja. Ua lake la njano lenye madoa ya kahawia iliyokolea katikati linajichavusha lenyewe, nyuki wakija ni nyongeza, kwa hiyo tatizo si nyuki.

*Mwanachama wa Magu: Shamba langu ni mbuga, udongo mweusi.*

Inua matuta ya kufika magotini. Maji yakituama siku mbili, mizizi inaoza.

*Mwanachama wa Bunda: Eneo langu liko ziwani kabisa. Nipande mpaka majini? Na gugu maji nitumie kama mbolea?*

Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa ziachwe bila shughuli za kudumu, basi rudi nyuma kaka, maji utayachota kwa ndoo. Gugu maji linafaa: likatekate, likauke kabisa juani mbali na maji, kisha uliozeshe na samadi. Usilitoe karibu na mifereji ya viwandani.

*Mwanachama wa Nyamagana: Mama yangu ana kisukari, nimeambiwa gusiberi inaponya. Ni kweli?*

Mwanangu, mimi nalima, sitibu. Mama aendelee na dawa zake na amwulize daktari wake kabla ya kubadili chochote. Tunda ale kama tunda, na ile jamu ina sukari nyingi, asiiguse.

*Mwanachama wa Misungwi: Sina friji. Zitakaa muda gani?*

Ndani ya vifuko vyake, kwenye kapu lenye upepo, zinafika mwezi. Ukishamenya, siku chache tu. Zikizidi, fanya kama tunavyofanya michembe, vile viazi vitamu vya kukausha: kata nusu, panga juu ya kichanja ngozi ikiwa chini, funika kwa chandarua, geuza kila jioni na uingize ndani umande usizikute. Siku nne au tano za jua la Julai zinakuwa ngumu kama zabibu kavu. Msimu huu nina kopo moja limebaki. Jumamosi nitakuja nalo.