Sevisi ya shokapu ya hewa ya nyuma ya baiskeli: kubadilisha sili za kopo nyumbani

Kazi hii inahusu kopo la hewa peke yake, yaani silinda ya nje inayobeba hewa. Kati ya watengenezaji wa shokapu, RockShox wanataka kopo lifunguliwe kila baada ya saa 50 za kuendesha. Fox wanasema saa 125 au mara moja kwa mwaka. Kwenye vumbi na tope usisubiri hizo 125. Sehemu ya mafuta iliyo ndani ina naitrojeni iliyoshindiliwa na haijazwi kwa pampu ya nyumbani, kwa hiyo iachie karakana yenye mtambo wake.

Tafuta pampu ya shokapu yenye geji (pampu ya tairi haifai kabisa), spana ya mkanda wa mpira, jiliwa lenye meno laini, spiriti, kitambaa kisichoacha nyuzi, seti ya sili ya modeli yako hasa, na grisi ya shokapu. Grisi ya beringi za gari usiitumie hata kama ndiyo iliyopo: ni nzito, na shokapu itakuwa inakwama kwenye matuta madogo.

1. Toa hewa

Hapa ndipo watu huumia, kwa hiyo usiwe na haraka. Kopo lina vyumba viwili: chanya, kile unachojaza kwa valvu, na hasi, kilicho upande wa pili wa pistoni. Hasi hakina valvu. Hupata na kutoa hewa kupitia kijitundu kimoja, na kijitundu hicho hufunguka pistoni inapopita mahali pamoja tu mwanzoni mwa safari yake. Ukibonyeza valvu hewa ikatoka yote kwa mkupuo, chanya kinabaki kitupu huku hasi kikiwa bado kimejaa. Shokapu inajivuta na kuwa fupi.

Dawa yake ni kutoa hewa ikiwa bado kwenye baiskeli. Bonyeza valvu kidogo, ikandamize siti polepole mara nne au tano katika robo ya kwanza ya safari, kisha bonyeza tena. Endelea hivyo hadi usisikie kitu.

Sasa ifungue kwenye fremu na upime kutoka katikati ya jicho moja (tundu la kufungia) hadi katikati ya jingine. Shokapu ya 210×55 (urefu, kisha safari, yaani inavyobonyea hadi mwisho) inatakiwa iwe na milimita 210. Pungufu ya milimita chache ni kawaida. Ikiwa imepungua sentimita nzima au zaidi, hasi bado kina hewa: USIFUNGUE KOPO. Ijaze tena taratibu hadi irefuke, bila kuvuka psi ya juu iliyoandikwa kwenye shokapu, kisha urudie kuitoa kidogo kidogo. Isiporefuka, sili ya pistoni imekwisha na hewa imenaswa ndani. Hapo hakuna ujanja wa nyumbani. Mpelekee fundi na umwambie ilivyo kabla hajaishika.

2. Fungua kopo

Ng'oa sindano ya valvu. Pitisha kitambaa kinene kwenye jicho la upande wa mwili unaong'aa, ili kopo likichomoka lisigonge chuma. Bana jicho la upande wa valvu kwenye jiliwa, zungusha kopo kinyume cha mshale wa saa kwa spana ya mkanda, kisha livute chini. Litakunyonya kurudi, halafu litatoka kwa mlio wa “pop”. Mlio huo ni wa kawaida.

3. Sili

Piga picha kabla ya kutoa chochote, hasa mpangilio wa vile vipete vya plastiki pembeni mwa sili ya pistoni. Tumia kijiti cha meno, kamwe si bisibisi. Pitisha ukucha kwenye mwili wa shokapu: mkwaruzo unaokwamisha ukucha utavujisha hata sili mpya. Safisha, paka grisi kwenye mifereji na sili, weka mpya.

4. Funga

Mafuta ya kulainisha weka kwa kiasi kilichoandikwa kwa modeli yako, basi. Mafuta hayabonyei kama hewa. Ukizidisha, yanakula nafasi na shokapu inakuwa ngumu kabla ya kufika mwisho. Kopo linakazwa kwa mkono, kisha mkanda kidogo.

5. Jaza

Jaza hadi psi 50, kandamiza polepole mara kumi ili hasi kipate hewa yake. Geji itashuka. Ongeza 50 nyingine, rudia, hadi ufike kiwango chako. Ukiruka hili, kesho utakuta shokapu laini na utadhani inavuja.

Kuna dhana nyingine inayowafanya watu wafungue kopo upya bure: ule mlio wa hewa unapoondoa pampu. Hiyo ni hewa ya mpira wa pampu. Na ukirudisha pampu kuangalia, geji itasoma chini kwa sababu shokapu imeujaza mpira huo. Ukiwa na shaka, paka povu la sabuni kwenye valvu na mdomo wa kopo, uangalie mapovu.

Mwisho, pima shokapu inavyozama kwa uzito wako: panda ukiwa na nguo na mkoba wako wa kawaida, sogeza kipete cha mpira kilicho kwenye mwili wa shokapu hadi kwenye kopo, ushuke bila kurukaruka. Kwa safari ya milimita 55, kipete kiwe kimesogea milimita 14 hadi 16.