Gari la umeme Marekani: angalia sheria za jimbo lako kabla ya kusaini

Kwanza ondoa hesabu ya zamani kichwani. Nafuu ya kodi ya serikali kuu, ile ya hadi dola 7,500 kwa gari jipya la umeme na hadi dola 4,000 kwa lililotumika, haipo tena kwa gari lililonunuliwa baada ya 30 Septemba 2025. Muuzaji akiipigia hesabu kwenye bei, mwambie aifute. Anayeweza bado kuidai ni aliyekuwa na mkataba uliosainiwa na malipo yaliyotolewa, hata kama ni ya awali tu, kufikia siku hiyo, na akatimiza masharti mengine. Huyo anajaza fomu 8936 ya IRS, yaani mamlaka ya kodi ya serikali kuu, hata kama gari alikabidhiwa baadaye.

Kilichobaki kwa wengi ni cha jimbo. Fungua afdc.energy.gov, tovuti ya Wizara ya Nishati, uchague jimbo lako kwenye ukurasa wa sheria na motisha. Huko yamo magari ya umeme, ya CNG (gesi asilia iliyoshindiliwa), ya propeni na hata ya hidrojeni. Usiishie kwenye kiasi cha dola. Soma nafuu ni ya gari jipya tu au hata la mitumba, inakwisha lini, na fungu lina pesa au limekauka. Oregon, kwa mfano, mfuko wa marejesho, yaani pesa unazorudishiwa baada ya kununua, hufunguliwa na kufungwa kulingana na fedha zilizopo, na ombi hutakiwa ndani ya miezi 6 tangu ununue. Ukishasoma hapo, thibitisha kwenye tovuti ya ofisi yenyewe inayolipa.

Colorado inaonyesha vizuri mitego ilivyo. Nafuu ya msingi ilikuwa dola 5,000 mwaka 2024, ikashuka hadi 3,500 mwaka 2025, na kuanzia Januari 2026 ni 750. Juu yake kuna nyongeza ya dola 2,500 kwa gari jipya la umeme ambalo bei yake ya mtengenezaji ni chini ya dola 35,000. Gari la dola 34,500 basi linapata 3,250. Hapa ndipo watu hukosea: bei inayohesabiwa ni ile iliyopendekezwa na mtengenezaji, si uliyofikia baada ya kupatana. Ukilishusha gari la 36,000 hadi 34,000 kwa maneno matamu, nyongeza huipati. Gari lisajiliwe Colorado, na fomu ni DR 0617. Uzuri wake ni kwamba hata kama kodi unayodaiwa ni ndogo, salio unalipwa. Unaweza pia kumwachia muuzaji haki hiyo naye akakupunguzia bei palepale. Hakikisha punguzo limeandikwa kwenye mkataba.

Kisha geuza karatasi uangalie ada utakazotozwa. Gari la umeme halinunui petroli, kwa hiyo halilipi kodi ya barabara iliyomo kwenye mafuta, na majimbo mengi yanaifidia wakati wa usajili. Texas inatoza dola 200 kwa mwaka. Gari jipya hulipa miaka miwili kwa mpigo, yaani 400, mbali na ada ya kawaida. New Jersey ilianza na dola 250 Julai 2024, ikipanda dola 10 kila mwaka hadi 290, na mwenye gari jipya hutanguliza miaka minne: zaidi ya dola 1,000 siku ya usajili. Msamaha wake wa kodi ya mauzo nao umekwisha tangu Julai 2025, unalipa asilimia 6.625 kamili.

Chaja ya nyumbani ina nafuu ya serikali kuu ya asilimia 30, isiyozidi dola 1,000, kwa iliyofungwa na kuanza kazi kufikia 30 Juni 2026. Chaja na fundi vikigharimu dola 1,800, unapata 540. Lakini nyumba iwe kwenye eneo la sensa (kipande cha ardhi chenye namba yake, kilichogawanywa kwa ajili ya kuhesabu watu) la kipato cha chini au nje ya mji, kwa hiyo tafuta namba ya eneo lako kabla ya kumwita fundi. Fomu ni 8911. Tofauti na Colorado, hii haizidi kodi unayodaiwa: ukidaiwa 300, unapata 300, na zilizobaki zimepotea. Uliza pia kampuni ya umeme inayokuhudumia. Baadhi hutoa marejesho yao wenyewe.

Ukinunua kwa mkopo, riba ya hadi dola 10,000 kwa mwaka inaweza kutolewa kwenye kipato kinachotozwa kodi, kwa miaka ya 2025 hadi 2028. Gari liwe jipya, la matumizi binafsi, na limeunganishwa Marekani. Hii haichagui umeme wala petroli. Namba ya chasi inayoanza na 1, 4 au 5 ni dalili nzuri, na lazima uiandike kwenye ritani yako ya kodi. Gari la mitumba na la kukodi havimo.

Na kama ulivutiwa na stika ya California ya kupita peke yako kwenye njia ya magari yenye abiria wengi, iliisha 30 Septemba 2025.