Land Rover ya zamani: soma chasisi, sio sho

Mnaosaka Land Rover za kizamani hapa Dar, msidanganywe na sho (grili ya mbele) wala taa, bodi imefungwa kwa bolti tu so mafundi wanavalisha Series IIA sura ya Series III, toleo lililoifuata, kirahisi sana. Nenda mbele kulia, pale chasisi inaposhika springi, sugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, pakaza chaki kisha futa juujuu, namba ya chasisi iliyogongwa hapo inabaki nyeupe ndani ya mikwaruzo. Kwa IIA (1961 hadi 1971) namba ikianza 241 ni 88 (ile fupi, inchi 88 kati ya matairi ya mbele na nyuma) ya petroli ya soko la Uingereza, 242 ya kuuzwa nje usukani kulia, 243 ilisafirishwa vipandevipande ikaunganishiwa huko ilikoenda. Kama pamechomelewa chuma kipya au kutu imepamaliza, hapo hupati kitu, na namba ya injini usiitegemee, injini za hizi gari zimebadilishwa mno.