Kuwapeleka watoto Maporomoko ya Sanje kutoka Iringa: hatua kwa hatua, na namna ya kuusoma mto

Kamwene. Kwa miaka kadhaa sasa naongoza familia kupanda hadi Maporomoko ya Sanje, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Nyingi hutoka Iringa mjini, Kilolo na Mafinga. Wazazi huanza kwa kuuliza umbali, kisha gharama. Habari ya maji huja mwisho, au haiji kabisa, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika mwongozo huu. Mlima utamchosha mtoto, lakini mto unaweza kumchukua.

Wapo pia wanaotaka kujua kama huku kwetu kuna boti za mpira za kushuka nazo kwenye maji ya kasi, kama wanavyoona kwenye picha za Jinja kule Uganda au za mto Zambezi. Kwa Udzungwa jibu langu ni hapana. Vijito vyake vinashuka kwa ukali katikati ya mawe na havina kina cha kubeba boti, na Ruaha Mkuu una mamba na viboko. Huku raha ya maji ya mlimani inafuatwa kwa miguu.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Msimu wa kiangazi ni Juni hadi Oktoba. Mimi napendelea mwishoni mwa Juni na siku za mwanzo za Julai, kwa sababu shule zimefungwa, njia imekauka, na maporomoko bado yana maji mengi kutokana na masika. Machi hadi Mei maji yananguruma vizuri sana, lakini njia inateleza na mto unapanda ghafla. Watu wazima wenye uzoefu waende wakitaka. Watoto wasubiri.

Hatua ya 2: Mpime mtoto kwa mwendo wake

Sanje ni takribani mita 170, yakishuka kwa ngazi tatu, na njia ya kuyafikia inapanda kweli. Mtu mzima huzunguka kwa saa nne hivi. Ukiwa na watoto hesabu saa sita, na usione aibu kuzihesabu. Kabla ya safari, mpeleke mtoto Gangilonga, lile jiwe kubwa la Iringa mjini, asubuhi moja, apande na kushuka, kisha apande tena. Akimaliza bado anacheza, yuko tayari. Akianza kuomba kubebwa, kuna njia nyingine: karibu na makao makuu ya hifadhi, Mang'ula, kuna maporomoko madogo yaliyopewa jina la Prince Bernhard wa Uholanzi. Ni matembezi mafupi, na mtoto wa miaka minne au mitano anayaweza bila machozi.

Mtoto mchanga anayebebwa mgongoni kwa kitenge naye hufika kwenye maporomoko madogo. Sanje simshauri mama kupanda naye. Akiteleza, mikono yake yote miwili itakwenda kumkinga mtoto, na hatabaki na mkono wa kujishikilia.

Hatua ya 3: Funga mzigo

Viatu vya kufungwa vyenye soli ya meno, vilivyokwisha kuvaliwa wiki mbili au zaidi. Viatu vipya humtoa mtoto malengelenge kabla hamjafika nusu ya njia. Suruali ndefu na soksi ndefu, kwa ajili ya upupu na siafu. Nguo za kubadilisha, na taulo. Maji lita moja na nusu kwa kila mtu. Chakula kisichoharibika kwa joto: viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, karanga, ndizi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo tumieni kikapu au mfuko wa kitambaa, na maganda yote mrudi nayo.

Sasa vifaa vya maji, ambavyo karibu kila familia huvisahau. Kila mtoto awe na jaketi okozi la saizi yake, hata kama anajua kuogelea. Mvalishe, lifunge, kisha mwinue kwa kulishika jaketi kwenye mabega. Likipanda hadi kufunika masikio, ni kubwa, na majini litamvuka kichwa. Kwa wadogo, lile lenye mkanda unaopita katikati ya miguu ni bora zaidi. Pia chukua dumu tupu la lita tano lenye mfuniko unaobana, na kamba ya mita kumi au zaidi ifungwe kwenye mkono wa dumu. Weka maji kidogo ndani, kiasi cha kikombe, ili liruke mbali ukilirusha. Hicho ndicho kifaa changu cha uokoaji. Hakigharimu kitu, na sijawahi kupanda bila hicho.

Hatua ya 4: Safiri siku moja kabla

Kutoka Iringa mtateremka mlima Kitonga wenye kona nyingi, mtapita Ruaha Mbuyuni na vitunguu vyake barabarani, mtafika Mikumi na kuiacha barabara kuu kuelekea Kidatu. Watoto wengi hutapika Kitonga. Wape chakula kidogo kabla ya kutoka, na wakae wakitazama mbele. Sanje mtaipita kabla ya kufika Mang'ula. Msisimame, kwanza nendeni mkajiandikishe.

Kuna jambo ambalo sisi wa Iringa hutukamata vibaya. Mji wetu uko juu, kama mita 1,600, na watoto wamezoea baridi. Mang'ula ni bondeni, joto ni zito na hewa ina unyevu. Mtoto aliyeamka Iringa alfajiri akaanza kupanda Sanje saa saba mchana ataishiwa nguvu hata kama ni mkimbiaji. Laleni Mang'ula, chini ya chandarua, mnywe maji ya kutosha jioni hiyo, na mwanze kupanda saa mbili asubuhi.

Hatua ya 5: Langoni

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na ndani yake watu hutembea kwa miguu tu. Njooni na vitambulisho, kwa sababu raia wa Afrika Mashariki wana kiwango chao. Malipo hufanyika kwa namba ya malipo kupitia simu au kadi, hivyo weka salio mapema. Ombeni askari wa hifadhi afuatane nanyi. Msitu huu una tembo na nyati, na hawatangazi wanapopita. Mwambieni askari mapema kwamba mna watoto, na mtajeni yule mdogo kuliko wote.

Hatua ya 6: Panga msafara

Askari mbele, mtoto mdogo nyuma yake, kisha wengine, na mtu mzima mwenye nguvu mwisho kabisa. Kasi inapangwa na huyo mdogo. Kina baba wengi hupenda kutangulia na watoto wakubwa, na hapo ndipo familia hukatika vipande viwili, simu hazishiki, na kila upande unadhani mwenzake amesimama.

Simameni kila baada ya dakika ishirini. Mapumziko haya ndiyo yenye wanyama. Mtamwona mbega mwekundu wa Iringa, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa milima hii na misitu ya jirani. Mkibahatika, mtamsikia na ng'olaga, aina nyingine ya kima. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979 na kumwita kwa jina la Sanje, ingawa wenyeji walikuwa wakimjua na kumwita kwa jina lake muda wote huo. Waelezeni watoto habari hiyo. Nimeona mtoto aliyekuwa ananuna akiinuka na kuanza kutafuta mkia juu ya miti.

Hatua ya 7: Usome mto kabla ya kuugusa

Hapa naomba usome polepole.

Mkifika, watoto wakae juu ya mwamba mkavu, mbali na ukingo, wale kiazi. Wewe simama utazame maji kwa dakika kumi. Kwanza rangi. Maji ya Sanje wakati wa kiangazi ni meupe, unaona mawe chini. Yakianza kuwa na wekundu au ukahawia, kuna mvua imenyesha juu. Pili, takataka. Majani makavu na vijiti vinavyoanza kuelea kwa wingi vimeokotwa kingoni na maji yanayopanda. Tatu, sauti. Mngurumo ukibadilika na kuwa mzito, ondokeni bila kuuliza sababu.

Kisha weka alama. Chomeka kijiti pale maji yanapoishia, na mpe mtoto mkubwa kazi ya kukikagua kila baada ya dakika kumi. Kijiti kikizama, mnapanda juu.

Mto unaanzia juu, na mvua inayouongeza huwezi kuiona ukiwa bondeni. Mwaka mmoja, mwezi wa nne, nilikubali kuongoza familia moja kwa sababu walikuwa wametoka mbali na jua lilikuwa linawaka. Nilikuwa nimechomeka kijiti. Binti wa miaka tisa ndiye aliyesema, "Mjomba, kijiti kimezama." Tulikusanya watoto tukapanda juu ya mwamba, na kabla hatujamaliza kuwahesabu, jiwe walilokuwa wamekalia miguu ikiwa majini lilikuwa limefunikwa. Kosa lilikuwa langu. Tangu hapo sipeleki watoto mwezi wa nne.

Hatua ya 8: Kuingia majini

Uliza askari ni dimbwi lipi linaruhusiwa siku hiyo. Mtu mzima aingie kwanza, kwa miguu, taratibu, apime kina na atafute miti iliyozama. Kuruka kutoka juu ya mwamba ni marufuku katika msafara wangu, kwa watoto na kwa wajomba. Maji haya ni baridi. Mtoto ajinyunyize kifuani na usoni kwanza ili pumzi isikatike.

Msiende chini ya maji yanayoanguka. Yanakuja na mawe na matawi, na lile povu jeupe limejaa hewa, kwa hiyo halimwinui mtu kama maji ya kawaida. Hata jaketi hapo hupungukiwa nguvu. Kaeni pembeni, mahali mvuke unapowafikia. Watoto huufurahia mvuke kuliko dimbwi lenyewe. Kule Kihansi, kusini mwa milima hii hii, kulikuwa na chura mdogo aliyeishi kwa kutegemea mvuke wa maporomoko tu. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme mwaka 2000, mvuke ulipungua na chura akatoweka porini, hadi waliotunzwa ughaibuni walipoanza kurudishwa mwaka 2012.

Wafundisheni watoto mkao mmoja wakiwa bado nchi kavu: ukichukuliwa na maji, lala chali, miguu mbele, magoti yamekunjwa kidogo, vidole vya miguu viwe juu ya maji. Usijaribu kusimama kwenye maji ya kasi yaliyovuka magoti, maana mguu hunasa kati ya mawe na maji yanakulaza kifudifudi. Wafanye mara tatu juu ya taulo. Watacheka, ila mwili utakumbuka.

Mtu mzima mmoja abaki nchi kavu, dumu mkononi, hana simu, hajanywa bia wala ulanzi. Mtu akizidiwa, rusha dumu, au nyoosha fimbo, huku umekaa au umelala chini. Kumrukia ni hatua ya mwisho kabisa.

Hatua ya 9: Kushuka

Geukeni saa saba mchana, hata kama bado mnafurahi. Magoti yamechoka, na watoto huanguka zaidi wakati wa kushuka kuliko wa kupanda. Shukeni mtoto mdogo akiwa amemshika mtu mzima anayetangulia chini yake. Mkifika bondeni, hesabuni watu, kisha mkague miguu, mapaja na mikunjo ya nguo kama kuna siafu au kupe.

Usiku huo laleni tena Mang'ula kama mfuko unaruhusu, kwa sababu dereva aliyepanda Sanje hafai kupanda Kitonga gizani. Mkisharudi Iringa, mtoto akipata homa katika wiki chache zinazofuata, msiseme ni baridi ya nyumbani. Apimwe malaria siku hiyo hiyo, na mwambieni daktari kwamba alilala bondeni Kilombero.