SOMO: Unataka urubani wa ndege za abiria? Anzia kwa daktari

Habari wakuu, madogo wengi wananiuliza hili kwahiyo naliandika mara moja tu.

Hatua ya 1. Kapime afya kabla hujalipa hata mia ya ada. Unatafuta medikali (cheti cha afya) ya daraja la kwanza, na anayeitoa ni daktari aliyeidhinishwa na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania (Kenya ni KCAA), sio dokta yeyote wa hapo mtaani. Kuna jamaa mzee wake aliuza kiwanja, kasoma weee ndo anakuja kugundua nyekundu na kijani hazitofautishi, nikikumbuka roho inaniuma.

Hatua ya 2. PPL, leseni ya kurusha kajindege kako mwenyewe. Miaka 17, masaa 40 hewani, japo wengi tunapitiliza maana kupaa sio ishu, kutua ndo kunatesa.

Hatua ya 3. CPL, hii ndo ya kulipwa. Miaka 18, masaa 200, au 150 ukisoma kozi nzima mfululizo kwenye shule iliyoidhinishwa. Ongeza na IR (unaruka mawinguni kwa kutegemea vyombo tu) na ya injini mbili.

Hatua ya 4. Hapa ndo kwenye kasheshe. Leseni mkononi, masaa 200, na kila unapogonga wanataka mwenye masaa mengi. Wengine wanabaki kufundisha, wengine wanaanzia kwenye Caravan (kandege kadogo ka injini moja), Dar Zanzibar dakika 20 unaenda unarudi siku nzima, au mbugani Serengeti ambako mabegi unapakia mwenyewe na kabla ya kutua unapita chini kwanza kufukuza nyumbu uwanjani. Ukifika masaa 1500 na miaka 21 ndo unaomba ATPL, leseni ya juu kabisa, uje kuwa kapteni wa madege makubwa, ila kiti cha kulia (cha rubani msaidizi) hata CPL unakaa.

MASWALI

Mkuu navaa miwani, ndo basi tena?
Hapana, ilimradi ukiivaa unaona fresh, na ya akiba unatembea nayo.

Kaka nilisoma HKL, naweza?
Leseni haiulizi kombi, shule ndo zina masharti yake, nyingi zinaangalia hesabu na fizikia za fomfoo. Kiingereza cha redioni nacho kinapimwa, levo 4 kwenda juu.

Nina masaa 300 ya simuleta kwenye kompyuta yangu, yanahesabika?
Hata dakika moja mdogo wangu 😂