Kibali cha Kupiga Kambi Mtwara na Lindi: Uliza Kwanza Eneo ni la Nani

Anayetaka kulala kwenye hema Msimbati, katika msitu wa Rondo au jirani na magofu ya Kilwa hana ofisi moja ya kuendea, kwa kuwa kibali hutolewa na mamlaka inayosimamia eneo lenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kuulizia bei, ulizia mahali unapokusudia kulala pako chini ya nani.

Fukwe za Msimbati na Ruvula zimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, nayo husimamiwa na taasisi ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Rondo ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Visiwa vyenye magofu, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, husimamiwa na TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania), na kibali huchukuliwa Kilwa Masoko kabla ya kupanda mashua. Kwa upande wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere inayoingia Liwale, mhusika ni TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa.

Ukishaijua ofisi, wasiliana nayo mapema, ueleze idadi ya watu, uraia wao, tarehe na mahali pa kulala. Viwango vya raia, wakazi na wageni wa nje hutofautiana, hivyo raia aje na kitambulisho cha Taifa. Omba mchanganuo wa malipo kwa maandishi, kwa sababu kiingilio si ada ya kambi, na mwongozaji au mashua vinaweza kulipiwa peke yake. Katika hifadhi za TANAPA kiingilio cha anayelala ndani huhesabiwa kwa saa 24, kambi maalumu huhitaji kuwekewa nafasi mapema kuliko kambi za kawaida, na bei zilizotangazwa huongezewa kodi ya ongezeko la thamani (VAT). Malipo ya serikali hufanywa kwa kontrol namba (namba ya malipo unayopewa na ofisi), kupitia benki au simu. Anayekuomba fedha taslimu mkononi bila kutoa risiti, muepuke kwa adabu.

Msimbati pana jambo ambalo wageni hulipuuza, nalo, kwa maoni yangu, lina uzito sawa na kibali chenyewe: ndani ya hifadhi hiyo mna vijiji, na eneo liko karibu na mpaka wa Msumbiji pamoja na visima vya gesi. Pitia kwa mtendaji au mwenyekiti wa kijiji ujitambulishe, ukiwa na nakala ya kibali na risiti, hata kama ofisi ya hifadhi imekwisha kukuruhusu.

Beba jiko la gesi, maana kukata mikoko kwa ajili ya kuni ni kosa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Mwenye droni aombe pia kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ambacho hakitolewi na ofisi ya hifadhi.