Kwa muuguzi anayeanza zamu ya 115

Mdogo wangu, ukianza kupokea simu za m-mama, ule mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wanaoupigia namba 115, hapa Dodoma utafundishwa maswali ya kuuliza, hospitali ya kumpeleka mama, na dereva wa jamii wa kumwita kama gari la wagonjwa liko mbali. Hayo yana mwongozo. Ya moyoni hayana, ndiyo maana nakuandikia.

Simu ikilia, shusha pumzi kwanza. Anayepiga kutoka Kibakwe au Farkwa hakuoni, ana sauti yako tu. Uliza alipo kabla ya yote, mtandao usije ukakata mkiwa kwenye salamu. Bibi wa Kigogo ambaye Kiswahili kinampiga chenga usimpazie sauti. Mwombe ampe simu kijana aliye karibu. Mume akikufokea, "Mnasubiri afe?", mwache amalize. Kisha mpe kazi: "Baba, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, niambie degedege likiacha." Akipata la kufanya atapunguza kelele, nawe utapata nafasi ya kufikiri.

Kinachochosha hasa ni kusubiri. Masika korongo linajaa, dereva anasimama ng'ambo, mama anavuja damu. Wodini ungetundika dripu, ungemshika mkono. Hapa una kiti na kalamu. Usimpigie dereva kila mara, anaendesha yule. Wapigie watakaompokea mama: damu ipo? Chumba cha upasuaji kiko tayari? Wanahitaji taarifa hiyo, na wewe unahitaji kushughulika.

Mama akishapokelewa, dereva analipwa kwa simu yake na safari inafungwa kwenye mfumo. Kwako haijafungwa. Utakuwa unasonga ugali nyumbani Nkuhungu huku unamuwaza yule wa Haneti: alifika akiwa hai, lakini je, alitoka? Kwa hiyo kabla ya kukabidhi zamu, piga wodi ya wazazi uulize. Wapo watakaokwambia usiulize, utaumia bure. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Wanaonijia usingizini ni wale ambao sikujua waliishia wapi. Waliofariki niliwalilia, nikalala.

Ukiambiwa amefariki, mpe mwenzako simu kabla ya kulia. Usipokee nyingine na kamasi puani, anayepiga atadhani mgonjwa wake ndiye kafa. Toka nje, lia, nawa uso, rudi. Baadaye mweleze unayemkabidhi zamu jinsi ilivyokuwa, tangu mlio wa kwanza. Asikuambie "ni mipango ya Mungu" kabla hujamaliza. Mwambie anyamaze, hata kama ni mkubwa wako. Jina la mama lisiende kwenye kundi la WhatsApp, wala nyumbani.

Na ule. Zamu ya usiku beba chapati au viazi, chai iwe na sukari. Ikifika saa tisa usiku na tumbo tupu, kila anayepiga utamsikia kama anakulaumu.